Kinga Iliyoishia Mbavuni

Kwa miaka kumi na minne Mahpudin alipiga tari katika kundi la debus la mwalimu Abah Sarkawi, wachezaji wa moto na chuma kwa kinga ya dua, na kijiji kizima cha Pasirwaru kilijua sababu: aliogopa moto. Wenzake walitafuna makaa, walijipitishia misumari mashavuni, walikaanga mayai juu ya kichwa cha mtu huku dhikiri ikisomwa. Yeye alipiga tari. Kufunga alifunga pamoja nao, nyuradi alizisoma pamoja nao, na kiapo cha Abah alikila kama wengine. Lakini zamu ya moto ikifika, mkono wake ulijirudi wenyewe. Siku za kazi alikuwa mhunzi wa mapanga, na hata huko karakanani walimcheka kwamba koleo lake ndilo refu kuliko yote mkoani Banten.

Kisha ikaja Maulidi ya mwaka jana. Mtu mmoja alijikwaa kwenye chetezo, kaa likaruka, likaangukia mkeka wa wageni, karibu kabisa na nguo ya mke wa mkuu wa kata. Mahpudin aliinama akaliokota kwa vidole. Akatafuta kwa macho pa kuliweka, akavuka uwanja nalo, akalirudisha chetezoni kwa adabu. Watu walipiga kelele mpaka kuku wakashuka mitini. Yeye hakujua wanashangilia nini hadi aliponusa kitu kama ngozi ya mbuzi inayobabuliwa, akakitazama kiganja chake.

Abah Sarkawi hakushangilia. Alimtazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeuzwa rahisi mno.

"Umeipata wapi?" alimuuliza kesho yake.

"Nimepata nini, Abah?"

"Usinifanye mjinga. Miaka kumi na minne nakufundisha, hata glasi ya kahawa ya moto ilikushinda. Leo unabeba kaa kama unabeba yai. Nani amekupa?"

"Si wewe Abah uliyenipa? Nani mwingine?"

"Mimi najua nilichokupa," alisema mzee.

Shaka ikaanzia hapo. Sheria ya kundi lile ni moja: kinga huchotwa kisima kimoja. Mwanafunzi akienda kwa siri kwa mwalimu mwingine, kiapo cha wote huingia ufa, na siku isiyo na jina msumari utamtoboa kweli mtu asiye na kosa. Kwa hiyo kila aliyekuwa na shavu la kutobolewa akaanza kumtazama Mahpudin kwa jicho la pembeni.

Aliyetazama kuliko wote ni Kang Jasuta, yaani Kaka Jasuta. Huyu alikuwa mtu wa moto wa kundi kwa miaka ishirini, jitu la kifua kipana, haliishiwi sigara za karafuu. Watu walipoanza kumwita Mahpudin ndiye mtu wa moto, Jasuta hakugombana. Alikaa tu kwenye kibanda cha kahawa na kusema polepole, "Kuna mapango huko pwani ya kusini. Mtu akiingia huko hatoki mikono mitupu. Ila kuna masharti. Mimi simtaji mtu."

Mahpudin mwenyewe aliamini kwamba dua zimejibiwa. Kwa nini asiamini? Mtu aliyebisha hodi miaka kumi na minne, mlango ukifunguliwa haulizi umefunguliwa na nani. Mwaka mzima alishika makaa mbele za watu. Wanawake waliomba maji aliyonawia wakawape watoto wenye homa. Wazee walimsogezea mkeka. Aliyekuwa Mahpudin wa tari sasa alikuwa mtu, na tangu hapo alimshuku kila aliyemsogelea kwamba amekuja kumnyang'anya.

Lakini kinga hiyo ilikuja na mambo yake. Akikohoa, kichwa kilimpasuka kisogoni, kama nyundo inapogonga fuawe tupu. Akicheka, hivyo hivyo. Akijikamua chooni, ilibidi ashike ukuta. Basi akaacha kucheka. Watu wakaona mtu asiyecheka, wakaambiana, "Hilo ndilo sharti la pango." Nyundo ya kazi ikaanza kumponyoka mkononi. Msuli wa kati ya kidole gumba na cha shahada ukanywea kama tunda lililokaushwa. Akaenda kwa mkandaji, naye akamnyonga shingo kulia na kushoto, na siku tatu nzima Mahpudin akaona vitu viwili viwili.

Mkewe Juhriyah, mkaangaji wa emping, vitafunwa vyembamba vya mbegu, na mwanamke asiye na breki mdomoni, alikuwa na shaka yake mwenyewe. Mumewe alianza kuoga na shati. Mwanamume anayemficha mkewe mgongo ana kucha za mwanamke mwingine mgongoni. Mchana mmoja akamvizia kisimani, akalivuta shati kwa nguvu zote.

Hakukuta kucha. Mabega yote mawili yalikuwa na makovu ya moto, mengine mabichi, yaliyotokana na cheche za chuma. Moja lilikuwa na usaha.

"Hili limekupata lini?"

"Lipi?"

Juhriyah akaketi ukingoni mwa kisima. "Afadhali ungekuwa na mwanamke," alisema. "Mwanamke ningejua la kumfanya."

Wiki hiyo hiyo Mahpudin alianguka kwenye ngazi za msikiti mchana kweupe, bila kusukumwa wala kuteleza. Juhriyah hakuuliza mtu. Alichukua kadi ya bima, akampakia kwenye pikipiki ya kaka yake, akampeleka kliniki. Mwuguzi wa kliniki alipoona mikono isiyosikia moto alisogeza kiti nyuma, maana alidhani ni ukoma. Akatafuta mabaka, akabonyeza mishipa ya viwiko, hakuona kitu. Akaandika barua ya hospitali kubwa ya mjini Serang.

Huko walipokewa na Daktari Tiurma, mama wa Kibatak mwenye sauti ya kuamrisha. Alimfumba macho Mahpudin, akamgusa kwa pamba, kwa sindano, kwa chupa ya maji moto, kisha ya baridi. Pamba aliisikia. Sindano na joto, hapana. Daktari akachora mpaka kwa kalamu kwenye ngozi yake, kutoka mkono mmoja, juu ya mabega, hadi mkono wa pili, na kushuka kifuani.

"Kohoa," alisema.

"Sitaki."

"Kwa nini hutaki?"

Mahpudin akajishika kisogo. Daktari akatingisha kichwa kama mtu aliyejibiwa tayari, akamwandikia kipimo cha MRI.

Picha ilipotoka aliiweka kwenye taa. "Huu ubongo wako. Huku nyuma chini, hiki kipande kilitakiwa kiishie hapa, ndani ya fuvu. Chako kimeshuka kikapita kwenye tundu, kimeingia shingoni. Tunaita Chiari. Umezaliwa hivyo, hukufanya kosa lolote. Sasa pale tunduni pamezibwa, maji yanayozunguka ubongo hayapiti vizuri. Ukikohoa yanasukuma, ndiyo hiyo nyundo yako. Na yaliyokosa njia yamejikusanya hapa, katikati ya uti wa mgongo." Kalamu yake ilifuata mstari mweupe mrefu, mnene, ulioshuka kutoka shingoni hadi usawa wa mbavu. "Maji haya yanakata nyuzi zinazopeleka habari za maumivu na joto. Mikono yako haijapona moto, baba. Imekuwa kiziwi."

"Dawa yake?"

"Si ya kumeza. Tunakata kipande kidogo cha mfupa hapa kisogoni, tunaupa ubongo nafasi, maji yapite. Ukikawia, mikono itanyauka, utashindwa hata kufunga kifungo. Halafu miguu. Na mtu yeyote asikunyonge shingo tena."

"Na nikikatwa, moto nitausikia tena?"

Daktari alidhani ni mtu anayetaka kupona. "Labda kidogo. Siwezi kukuahidi."

Mahpudin alikuwa anauliza kinyume chake. Akainuka. Mlangoni akamwona kijana wa usafi akisukuma ndoo, akamtambua: mpwa wa Jasuta. Kijana akamsalimia kwa heshima. Basi, kila kitu kikajipanga kichwani. Jasuta ana mtu wake hospitalini. Hospitali inataka kumfungua kisogo. Kinga hukaa kisogoni, kila mtu anajua. Wataitoa, na mtu wa moto atakuwa ni Jasuta tena.

"Wamepanga," alimwambia mkewe kwenye pikipiki.

"Nani?"

"Wote."

"Hata ile mashine?"

"Mashine inawashwa na watu."

Juhriyah hakubishana naye. Aliibeba ile picha mapajani njia nzima, na siku ya pili baada ya sala ya alasiri akaenda nayo moja kwa moja barazani kwa Abah Sarkawi, mumewe akimfuata nyuma akimkataza. Abah alikuwa anakunywa kahawa na wanafunzi wake watatu wa zamani. Jasuta alikuwa mmoja wao.

"Abah, samahani kwa kuingilia," alisema Juhriyah. "Mnamshuku mume wangu kwamba ameenda mapangoni. Hajaenda popote. Ni mgonjwa. Huu hapa ushahidi, umepigwa na mashine ya serikali."

Abah akaishika picha kuelekea juani, wote wakainama. Pale palikuwa na kichwa cha mtu kilichopasuliwa kwa ubavu, na chini yake uti wa mgongo, na ndani ya uti, kitu cheupe, kirefu, kimejipinda, chembamba mkiani.

Jasuta alivuta moshi, akautoa taratibu. "Nyoka," alisema.

Wale wawili wengine wakajisogeza nyuma.

"Mimi nilisema au sikusema? Angalieni. Kichwa huku, mkia huku. Anamfuga ndani. Teh Juhriyah, dada yangu, nakushukuru. Miezi yote nilikuwa nashuku tu, leo umetuletea picha yake."

"Hayo ni maji!" alifoka Juhriyah. "Maji, we mzee wa moshi! Daktari kasema maji!"

"Daktari wa watu wa Serang atajua nini habari za nyoka?"

Mahpudin alikuwa akiitazama picha ile. Kwa daktari alikuwa ameona mstari. Sasa alimwona nyoka. Huenda kweli. Huenda kuna siku alilala mahali, akaota kitu, akakubali bila kujua. Alianza kujishuku mwenyewe, na huko ndiko mwisho wa shaka, maana hakuna mwingine wa kumshuku baada ya hapo.

"Abah," alisema, sauti ikimtoka kama uzi, "naapa sijaenda kwa mtu. Lakini kama kuna kitu humu, mimi sijui."

"Afukuzwe," alisema Jasuta. "Kabla msumari haujamuua mtu Maulidi hii."

"Nyamaza kwanza," alisema Abah. "Umepata picha, tayari umekuwa kadhi?" Akamgeukia Mahpudin. "Vua shati. Lala chali. Jifunike macho kwa kilemba."

Mzee alikuwa na kijiko ndani ya glasi ya kahawa iliyotoka jikoni wakati huo huo. Akakitoa, akakiweka juu ya kiganja cha Mahpudin.

"Nakufanya nini?"

"Sijui, Abah. Umenishika."

Akakichovya tena, akakiweka begani. Hakuna kitu. Kifuani karibu na chuchu, hakuna kitu. Jasuta akatikisa kichwa kuwaonyesha wenzake: mnaona? Abah akachovya, akashusha kijiko chini ya mbavu, kwenye tumbo.

"Mama wee!" Mahpudin aliruka, glasi ikapinduka, kahawa ikamwagika kwenye kikoi cha Jasuta, naye akaruka vilevile.

"Wewe pia umeungua?" alimuuliza Abah.

"Ni kahawa ya moto, Abah! Imenipata ghafla!"

"Miaka ishirini mtu wa moto," alisema mzee, na wale wawili wengine wakafunika midomo.

Abah akamrudia Mahpudin. Mara hii akamgusa paja kwa kijiko kilichobaki na joto kidogo tu. Mahpudin akavuta mguu. Unyayo, akauvuta tena. Kiganja, kimya. Mzee alirudia mara tatu akibadilisha mahali, kama fundi anayegonga ukuta kutafuta palipo na uwazi. Kisha akamfunua macho.

"Sikiliza. Kile ninachokisoma mimi nilikipokea kwa baba yangu. Huanzia utosini na kuishia unyayoni. Hakichagui bega kikaacha tumbo. Na waganga wa mapangoni, nawajua, ni watu wabaya lakini si watu wa nusu kazi. Kinga gani hii iliyokomea mbavuni? Hii imevaliwa kama fulana. Hakuna aliyekupa kitu, Mahpudin. Umenyang'anywa."

Mahpudin alikaa. Alikumbuka kalamu ya daktari ikichora mpaka pale pale, chini ya kifua. Yule mama hajui kusoma nyuradi, na Abah hajui kusoma picha, na hawajawahi kuonana. Wamewezaje kupanga?

"Na wewe Abah," aliuliza, "tangu lini umejua?"

"Nimejua leo. Mwaka mzima nilikushuku. Nilituma watu hadi pwani ya kusini wakaulizie jina lako." Mzee alipangusa kijiko. "Ningekushika mkono siku ile ile ya kwanza, tungeokoa mwaka. Lakini nilitaka kumjua mwalimu wako. Hilo ni kosa langu, na nalisema mbele ya Jasuta ili lisambae haraka."

Walimnyoa kisogo hospitalini wiki tatu baadaye. Hata akiwa juu ya kitanda cha magurudumu Mahpudin aliuliza majina ya wote watakaoingia chumbani, na kama kuna yeyote mwenye asili ya Pasirwaru. Daktari Tiurma alimtajia mmoja mmoja. "Umeridhika?" Hakuridhika, lakini usingizi ulimchukua.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Shingo ilikuwa kama gogo, alitapika, akamwambia mkewe wamemuua kwa awamu. Siku ya sita kikohozi kilimjia. Alijikaza, akashika chuma cha kitanda, akasubiri nyundo. Akakohoa. Kidonda kiliuma, ndiyo. Nyundo haikuja. Akakohoa tena kwa makusudi, mara ya tatu, mara ya nne, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba ahamishwe.

Miezi minne baadaye picha nyingine ilionyesha ule mstari mweupe umekonda, umebaki kama uzi wa kushonea. Daktari alimpima kwa sindano. Mkono wa kulia, toka kiwiko kushuka, alianza kusikia kitu, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Wa kushoto ulibaki kimya.

"Huo huenda usirudi," alisema daktari. "Ulichokuja kuokoa ni kile kilichobaki. Umekiokoa."

"Ningekuja mapema mwaka mmoja?"

"Ingekuwa vingine. Usihesabu huko."

Alirudi karakanani kwa kazi nyepesi: kunoa, kupachika mipini, kushona ala za mapanga. Alivaa glavu za ngozi hadi viwikoni, na kila jioni Juhriyah alimgeuza mabega kwenye mwanga akitafuta alama, kama mtu anayekagua mchele. Abah alitangaza mbele ya kundi zima kwamba hakuna kiapo kilichovunjwa, na kwamba moto amerudishiwa Jasuta. Mahpudin akarudishiwa tari, ila alipige kwa mkono wa kulia.

Kundi lilikubali. Kijiji kilisikiliza, kikatingisha kichwa, kikaamua vingine.

Siku moja asubuhi alikuja mtu wa kijiji cha mbali, amevaa vizuri, amebeba kuku wawili na rabeg, mchuzi wa nyama ya mbuzi, kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alisubiri hadi wahunzi wengine walipotoka kwenda kunywa chai, akasogea.

"Kang Mahpudin, nimesikia habari zako. Natafuta hiyo."

"Ipi?"

"Ya moto. Sisi tuna kundi letu. Nifundishe tu njia."

Mahpudin akaweka panga chini. "Ndugu yangu, ilikuwa ni ugonjwa. Ubongo ulishuka shingoni. Nimepasuliwa. Kinga sikuwa nayo na sina." Akageuka, akainamisha kichwa, akamwonyesha kovu lililoshuka kutoka kisogoni hadi kolani.

Yule mtu alilitazama kovu kwa muda mrefu, kwa heshima kubwa mno. "Kwa hiyo huingizwa hapo," alisema chinichini.

"Hakiingizwi kitu! Walitoa mfupa!"

"Naam, naam. Mfupa hutolewa kwanza." Akahakikisha hakuna mtu mlangoni. "Na kabla ya hapo ulifunga siku ngapi?"

"Nilifunga usiku mmoja. Hata maji sikunywa. Ni amri ya daktari."

"Usiku mmoja?"

"Mmoja."

Yule mtu akanyooka. Heshima ilimtoka usoni, ikaingia shaka. Akaiangalia sufuria yake ya rabeg, akamwangalia Mahpudin, akavuta pumzi kama mtu aliyedanganywa na wengi na amechoka.

"Kang," alisema, "mimi nina miaka hamsini. Nimefunga siku arobaini kwa ajili ya kutobolewa shavu moja tu. Usiku mmoja, kwa mikono yote miwili na mabega?" Akachukua kuku wake. Sufuria pia akaichukua. "Kama hutaki kunifundisha, sema hutaki. Usinione mtoto."